Mama, kabla ya kulipa dola 900 za sindano ya goti

"Jambo Dokta. Nina miaka 56, niko hapa Lubumbashi, nauza unga na samaki wa kukauka katika soko la mtaa wa Kenya. Magoti yote mawili yananiuma tangu miaka sita, la kuume zaidi. Radio, yaani picha ya eksirei, ilionyesha artrozi, yaani kiungo kuchakaa, ya daraja la 3. Nina sukari, nameza dawa kila siku, na nina kilo 94. Mwaka huu nimechomwa kortizoni, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani ya goti mara tatu: ya kwanza ilinipa miezi mitatu ya raha, ya pili mwezi mmoja, ya tatu hata wiki mbili haikufika. Sasa kliniki moja ya binafsi inaniambia watachota damu yangu, wataizungusha kwenye mashine, watairudisha ndani ya goti, na gegedu litaota upya. Sindano tatu, dola 900. Kwa dola 2,500 watanipa kitu cha nguvu zaidi, seli shina, yaani chembe changa zinazoweza kugeuka aina nyingine, za kitovu cha mtoto mchanga. Watoto wako tayari kuchanga. Kuna pia kijana wangu wa mwisho, miaka 22, aliumia goti kwenye mpira miezi minne iliyopita. Wanasema naye achomwe, watupunguzie bei. Je, sindano hizi ni za kweli au ni wizi? Usiku nameza vidonge ninavyouziwa sokoni bila boksi, ndivyo vinanisaidia kulala."

Mama, sindano ya damu yenyewe si wizi. Inachomwa katika nchi nyingi, wachezaji mpira wa kulipwa wanaipata, na mimi siikatai kwa kila mgonjwa. Kibaya ni ahadi uliyopewa pamoja nayo. Hakuna sindano, iwe ya damu yako au ya kitovu cha mtoto wa mtu mwingine, iliyothibitishwa kuotesha upya gegedu katika goti lenye artrozi. Aliyekuambia hivyo ama hajui, ama anajua.

Kwa kuwa pesa ni ya watoto, sitakujibu kwa neno moja. Ukielewa kinachotokea ndani ya goti, hata mwuzaji mwingine akija mwakani na jina jipya la sindano utajua cha kumwuliza.

Gegedu ni lile tabaka jeupe linaloteleza, linalofunika ncha za mifupa pale inapokutana. Halina mishipa ya damu. Ngozi ikikatwa, damu inafika, inaganda, inaleta chembe za kujenga, na baada ya siku kadhaa kovu limefunga. Gegedu halina njia hiyo. Chakula chake kinatoka kwenye ute ulio ndani ya kiungo: ukikanyaga linakamuliwa, ukiinua mguu linafyonza ute mpya, kama sifongo. Chembe zake ni chache, zimekaa mbalimbali, na kwa mtu mzima karibu hazizaliani. Ndiyo sababu likishaliwa halirudi lilivyokuwa.

Gegedu halina mishipa ya fahamu pia. Lenyewe haliumi. Kinachokuuma ni vitu vinavyolizunguka: mfupa ulio chini yake, ambao sasa unabeba uzito bila godoro lake, utando wa ndani wa kiungo, unaovimba na kumwaga maji, meniski, kile kipande kama mpira kilicho kati ya mifupa, iliyochanika polepole kwa umri, na kano zinazovutwa kwa sababu misuli ya paja imelegea, maana umeihurumia kwa miaka sita. Ninapokea watu wenye radio zinazofanana kabisa, daraja la 3 kati ya manne, mmoja anapanda ngazi na beseni kichwani, mwingine anashikwa mkono kwenda chooni. Kwa hiyo goti linaweza kutulia bila gegedu kuota hata milimita moja. Hilo ni jambo la kukupa moyo, na ni vizuri ulikumbuke pia jirani atakapokuambia "nilichomwa, nikapona". Huenda amepona maumivu kweli. Gegedu lake liko vilevile.

Tuje sasa kwenye sindano. Wanachota damu kwenye mkono, mililita 15 hadi 60 kulingana na vifaa walivyo navyo. Wanaiweka katika mirija yenye dawa ya kuizuia isigande, kisha wanaizungusha kwa kasi katika mashine iitwayo santrifuji. Chembe nyekundu ni nzito, zinazama chini. Juu yanabaki maji ya manjano, plazima, na humo wanachukua sehemu yenye chembe sahani nyingi. Chembe sahani ndizo zinazoziba jeraha unapojikata kisu. Kwa kawaida mtu ana chembe sahani 150,000 hadi 450,000 katika kila mikrolita ya damu, na wanaotengeneza plazima hii vizuri wanalenga mara tatu hadi tano ya hapo. Ndani ya kila chembe kuna vifuko vya protini vinavyoamsha ukarabati: vinaita chembe nyingine, vinachochea mishipa midogo kuota, vinabadilisha uvimbe. Basi watu wakawaza hivi: kama damu haifiki kwenye gegedu, tuipeleke kwa sindano. Ni wazo la akili. Katika maabara, chembe za gegedu zikimwagiwa protini hizo zinachangamka kweli.

Kwa wagonjwa wenyewe mambo hayakwenda hivyo. Utafiti ninaouamini zaidi ulifanyika Australia, ukachapishwa mwaka 2021. Walichukua watu 288, wote wa miaka 50 na kuendelea, wote wakiwa na artrozi ya goti ya daraja la 2 au la 3, yaani watu kama wewe. Nusu walichomwa plazima mara tatu, wiki kwa wiki, sawasawa na mpango uliopewa. Nusu nyingine walichomwa maji ya chumvi. Mgonjwa hakuambiwa alichopata. Baada ya miezi 12, kwenye kipimo cha 0 hadi 10, maumivu ya waliopata plazima yalikuwa yameshuka kwa 2.1. Ya waliopata maji ya chumvi yalishuka kwa 1.8. Kisha wakapima gegedu kwa picha za IRM, mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili: kwa wenye plazima lilikuwa limepungua kwa asilimia 1.4, kwa wenye maji ya chumvi asilimia 1.2. Halikuota kwa kundi lolote.

Hiyo 1.8 ya maji ya chumvi ndiyo ninayotaka uitazame kwa makini. Maji ya chumvi hayatibu artrozi, lakini watu walipata nafuu, na hawakuwa wakidanganya. Artrozi inapanda na kushuka. Mtu anakwenda kutafuta sindano pale inapokuwa imepanda kabisa, na baada ya hapo ingeshuka hata kama angekaa nyumbani. Ongeza daktari aliyekukalisha, akakusikiliza, akakugusa mahali panapouma. Ongeza mashine, damu, koti jeupe, na pesa iliyotoka mfukoni. Mwili unaitika kwa mambo hayo yote. Kwa hiyo ushuhuda wa waliochomwa, hata kama ni wengi na ni waaminifu, hauwezi kukuambia kama ni plazima iliyofanya kazi. Inabidi kuwe na kundi la maji ya chumvi pembeni.

Lakini pia sitaki udhani utafiti mmoja umefunga mlango. Waliopinga walisema plazima ya Australia ilikuwa nyepesi, chembe sahani zake hazikuzidi sana zile za damu ya kawaida, na hoja hiyo si ya kutupa. Ziko tafiti nyingine nyingi, ndogo zaidi, ambamo plazima ilifanya vizuri kuliko asidi ya hyaluroniki, ule ute wa kiwandani ambao nao huchomwa gotini, kwa miezi sita hadi mwaka. (Ute huo wenyewe sikushauri. Umepimwa mara nyingi sana na faida yake ni ndogo kiasi kwamba mgonjwa haisikii.) Chama cha Marekani cha madaktari wa magonjwa ya viungo kilitangaza mwaka 2019 kwamba plazima isichomwe kwa artrozi ya goti, sababu kubwa ikiwa kwamba kila kliniki inaitengeneza kivyake na huwezi kujua mgonjwa amepata nini. Wenzao wapasuaji wa mifupa, nchi hiyohiyo, waliandika mwaka 2021 kwamba inaweza kupunguza maumivu, ila ushahidi bado ni mwembamba. Hata wakubwa hawajapatana.

Mimi nimekaa hivi: mtu mwenye artrozi ya mwanzo, aliyefanya mazoezi kweli kwa miezi mitatu, sukari yake imetulia, na ana pesa ambayo ikipotea nyumba haitalala njaa, huyo simzuii. Namwambia ananunua uwezekano wa nafuu ya miezi kadhaa. Wewe, Mama, hujafika hapo. Kuna mambo kabla ya hapo ambayo yana ushahidi mkubwa kuliko sindano yoyote na hujaandika kwamba umeyajaribu.

Hiyo ya dola 2,500 nakuambia hapana bila kuzungukazunguka. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani, karibu watu 480 wenye artrozi ya goti. Wengine walipewa seli za uboho wao, wengine za mafuta yao, wengine seli shina za kitovu, na kundi moja kortizoni ya kawaida. Baada ya mwaka, hakuna aina ya seli iliyoishinda kortizoni. Na hizo zilikuwa seli zilizotengenezwa kwa uangalizi mkali. Nje ya uangalizi huo mambo ni mengine: mwaka 2018 huko huko Marekani watu 12 walilazwa hospitalini baada ya kuchomwa bidhaa ya damu ya kitovu iliyokuwa imeingiliwa na bakteria, wakiwemo wale wa kinyesi. Chupa zile zilikuwa na kampuni na lebo. Sasa jiulize ya kwako inatoka wapi. Seli zilizo hai zinasafirishwa na kutunzwa ndani ya nitrojeni ya maji, kwenye baridi isiyo ya friji ya kawaida, na umeme wetu unaujua. Zikiyeyuka njiani zinakufa, na unachochomwa ni mabaki ya chembe za mtu usiyemjua, ambaye mama yake huenda alipimwa ukimwi na hepatiti B, huenda hakupimwa.

Kuhusu kortizoni uliyokwisha kuchomwa, nayo si sumu. Goti likivimba ghafla, limejaa maji, linapiga moto, sindano moja ya kortizoni inaweza kukurudisha kwenye miguu kwa wiki kadhaa, na katika wiki hizo ndipo unaanza mazoezi. Kosa ni kuifanya mazoea. Mwaka 2017 Wamarekani walichapisha utafiti wa watu 140 waliochomwa kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, nusu kortizoni, nusu maji ya chumvi. Wa kortizoni walipoteza gegedu zaidi, na maumivu yao hayakuwa chini ya wenzao. Wewe umeshaona mwenyewe nafuu inavyofupika. Tena una sukari: kila sindano ya namna hiyo inaipandisha kwa siku kadhaa. Ningeipumzisha kwa sasa, na kama goti litavimba tena siku moja tutaongea.

Jambo la haraka kuliko yote katika barua yako umelitaja mwishoni kama kitu kidogo. Ni vile vidonge visivyo na boksi. Vinavyouzwa hivyo kwa maumivu mara nyingi ni diklofenaki, au deksametazoni, au mchanganyiko wa vyote viwili ndani ya kipaketi kimoja. Deksametazoni ni ndugu wa kortizoni ya sindano, ila hii inazunguka mwili mzima: inapandisha sukari, inanenepesha, inavimbisha uso, inadhoofisha mifupa, na kwa baadhi ya watu inaua kichwa cha mfupa wa paja, na hapo utakuwa na nyonga mbovu juu ya magoti mabovu. Diklofenaki kwa mtu mwenye sukari, ikimezwa kila usiku, inashambulia figo, tumbo na presha. Kesho asubuhi weka vidonge kadhaa kwenye kikaratasi, umpelekee daktari anayekutibu sukari. Usiviache vyote kwa mkupuo kabla hajaviona. Kama ni deksametazoni na umemeza kwa wiki nyingi, mwili wako umesahau kutengeneza ya kwake, na kuikata ghafla kunaweza kukuangusha chini kwa udhaifu, kutapika na presha kushuka. Inapunguzwa polepole. Mwambie apime sukari, presha na figo siku hiyohiyo. Na ukiona kinyesi cheusi kama lami, usingoje kesho.

Baada ya hapo ndiyo tunaanza kutibu goti. Najua ninachotaka kusema hakina mashine wala hakina sherehe, na wagonjwa wengi wakisikia neno mazoezi wanahisi wamefukuzwa. Tena wengi wameambiwa kinyume: "mifupa inasagana, pumzika". Rudi kwenye yale niliyosema juu ya gegedu. Linakula pale linapokamuliwa na kuachiwa. Goti linalopumzishwa mwezi mzima linakaa na njaa, na misuli ya paja, ambayo ndiyo inayopokea kishindo cha kila hatua, inazidi kunyauka. Vyama vyote viwili vya Marekani nilivyovitaja, ambavyo havikupatana juu ya plazima, vilipatana juu ya mazoezi na kupunguza uzito.

Tafuta kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Hospitali kubwa kama Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu ndipo pa kuanza kuuliza. Huhitaji kwenda kwake maisha yote. Unahitaji akuone, akufundishe, akusahihishe, kisha ufanye nyumbani mara tatu kwa wiki. Zoezi la msingi ni kukaa na kusimama kwenye kiti cha mbao bila kujisukuma kwa mikono: mara kumi, pumzika, mara kumi tena, pumzika, mara kumi za mwisho. Ukishindwa, weka mto juu ya kiti kiwe kirefu, na wiki zinavyokwenda uutoe. Goti litauma wakati wa zoezi. Likiuma kwa kiasi cha kuvumilika, na kesho yake asubuhi limerudi lilivyokuwa, huliharibu. Likiamka limevimba, punguza idadi, usiache. Hesabu wiki nane hadi kumi na mbili kabla ya kusema halijafaa kitu. Wiki mbili za kwanza ni mbaya, nakuambia mapema usije ukamlaumu kine.

Uzito nautaja bila kukusema vibaya. Ilipimwa kwa watu wenye artrozi ya goti kwamba kila kilo moja unayoipunguza inaliondolea goti mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua. Ukitoka kilo 94 ukafika 88, hesabu mwenyewe unatembea hatua ngapi kutoka kituo cha basi mpaka kibandani. Sikuambii uache bukari, ugali wetu. Punguza donge liwe nusu, ongeza sombe (majani ya muhogo) au lengalenga (mchicha) isiyoogelea mafuta, na uachane na soda na chai ya sukari nyingi, ambazo hata ugonjwa wako wa sukari hauzitaki. Kama daktari wako wa sukari anaweza kukuandikia mtu wa lishe, kubali.

Pale sokoni, kiti kifupi ndicho kinakumaliza. Kila mteja akija unakunja goti mpaka mwisho na kulikunjua ukiwa na uzito wote. Pata kiti kirefu, nyonga zikae juu kuliko magoti, na meza ya kupimia iinuke nayo. Magunia yabebwe na wabebaji. Fimbo ishike kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa goti baya zaidi ni la kuume. Watu wengi wanaishika upande unaouma na haiwasaidii kitu. Kwa maumivu ya usiku kuna diklofenaki ya kupaka, inayoingia kwenye damu kidogo sana kuliko ya kumeza, mara tatu au nne kwa siku. Daktari akishaona figo zako atakuambia kama unaweza kuongeza kitu cha kumeza kwa siku chache.

Ikiwa baada ya miezi mitatu ya kazi hiyo bado goti linakunyima usingizi na kukufungia nyumbani, rudi kwa mpasuaji wa mifupa na radio mpya, iliyopigwa ukiwa umesimama. Radio ya mtu aliyelala inaficha jinsi nafasi ya kiungo ilivyobanwa. Hapo ndipo swali la goti la bandia linaanza kuwa na maana, na ni operesheni yenye matokeo mazuri kuliko hizi sindano zote kwa artrozi iliyokwisha kukomaa. Ni ghali, wengi wetu wanavuka mpaka kwenda kuifanya. Dola 900 zilizowekwa akiba ya hiyo hazijapotea.

Niliulizwa mara nyingi juu ya sindano za sukari, zile za deksitrozi, kwa kuwa bei yake ni ndogo. Ni za zamani, Mmarekani aitwaye George Hackett alizieneza katika miaka ya 1950. Wazo lake ni kuliudhi kiungo kidogo ili kiamshe ukarabati. Utafiti wa mwaka 2013, watu 90 wenye artrozi ya goti, ulionyesha nafuu kubwa kuliko maji ya chumvi kwa mwaka mzima. Watu 90 ni wachache, sijengi nyumba juu yao, lakini kama mgonjwa amekwisha kufanya mazoezi na anasisitiza achomwe kitu, afadhali hicho cha bei ndogo, kwa mikono safi.

Kijana wako ni habari nyingine kabisa, na yule aliyetaka kuwachoma wawili kwa bei ya punguzo ameonyesha kwamba hakumpima. Mtoto wa miaka 22 kwa kawaida hana artrozi. Hukuniandikia alivyoumia, basi mwulize mambo haya. Je, aligeuka mguu ukiwa umekwama chini, akasikia mlio ndani ya goti? Je, lilivimba ndani ya saa chache, si kesho yake? Je, sasa linamponyoka akigeuka au akishuka ngazi? Akijibu ndiyo, nashuku ligamenti ya mbele ya msalaba, kamba ya ndani inayoshikilia mifupa ya goti, imekatika. Ligamenti hiyo iko ndani ya ute wa kiungo, na ute huo unayeyusha damu iliyoganda kabla haijaunganisha ncha mbili. Ndiyo maana mara nyingi haijiungi yenyewe, na kumwaga plazima humo hakuwezi kuifunga kamba iliyoachana. Kama goti lake linagoma kunyooka kabisa, kana kwamba kuna kitu kimelikwamisha, hiyo inaweza kuwa meniski iliyochanika na kujikunja katikati, na huyo anahitaji mpasuaji wiki hii, si mwezi ujao.

Anachohitaji kwanza ni mikono ya mtu anayejua kupima ligamenti. Kipimo chenyewe ni cha dakika tano, hakina gharama ya IRM. Na akikutwa nayo imekatika, msikimbilie kuuza kiwanja. Nchini Uswidi walichukua vijana 121 wenye ligamenti hiyo iliyokatika, nusu wakapasuliwa mapema, nusu wakaanza na mazoezi makali na kupasuliwa baadaye kama ingebidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: baada ya miaka miwili makundi yalikuwa sawa, na zaidi ya nusu ya walioanza na mazoezi hawakupasuliwa katika muda huo. Mpira asiuguse mpaka apimwe. Kila linapomponyoka uwanjani linakula meniski, na hapo ndipo artrozi ya umri wa miaka 40 inapoanzia. Jambo moja la pembeni, kwa sababu katika mji wetu si nadra: kama kijana huyo, au mwingine yeyote wa familia, ana anemia SS, yaani selimundu, na analalamika goti, apigwe radio ya nyonga pia. Nyonga inayokufa mara nyingi inajitangaza kwa maumivu ya goti.

Najua pia kwamba unaweza kusoma haya yote na bado ukaenda kuchomwa, maana maumivu ya miaka sita yanachosha. Basi nenda kwa masharti. Sukari ipimwe kwanza. Ikiwa juu ya kiwango, ahirisha. Damu yako ichotwe, iandikwe jina, izungushwe na ichomwe mbele ya macho yako, bila kutoka chumbani, kwa mirija iliyofunguliwa kwenye mfuko wake siku hiyo. Katika kliniki yenye wagonjwa wengi asubuhi moja, mrija uliobadilishana jina unaweza kukupa ugonjwa wa mtu mwingine. Kama kuna ekografi, mashine ya kuona ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti, ya kuongoza sindano, vizuri zaidi. Lipa sindano moja moja. Diklofenaki ya kumeza iachwe wiki nzima kabla, kwa kuwa inazizuia chembe sahani kufanya kazi, na usichomwe hata kidogo kama una kidonda cha mguu, jipu au homa.

Usiku wa kwanza goti litauma na kuvimba kidogo, na siku ya pili pia. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, tumia parasetamoli. Kuanzia siku ya tatu linapaswa kupungua. Likizidi badala ya kupungua, likawa jekundu, lina moto, huwezi kulikunja, au mwili ukapata homa, hiyo huenda ni bakteria ndani ya kiungo. Kwa mtu mwenye sukari homa inaweza hata isionekane, kwa hiyo usiingoje. Usiwapigie kliniki waliokuchoma ili wakuambie ni kawaida. Nenda hospitali kubwa usiku huohuo, waambie ulichomwa nini na lini, na uwaombe wavute maji ya goti wayapime kabla hawajakupa kidonge chochote cha antibiotiki.